Masikio ya Filipo

Kabla hajapofuka, Filipo alikuwa mtu wa kawaida tu pale kitongojini kwao, si mbali na Kinampanda. Alilima mtama na alizeti, aliimba vizuri kanisani, na akishashiba alikuwa mbishi kidogo. Vikope, ule ugonjwa wa macho, ndivyo vilivyomfanya awe mtu wa kutafutwa. Macho yalipofungwa kabisa, masikio yalichukua kazi yake na kazi ya macho, na kubwa kuliko zote ilikuwa kulisikiliza bwawa.

Bwawa lenyewe si la kujivunia. Ni bonde dogo chini ya nyumba yake, linalojaa wakati wa mvua na kukauka kiangazi mpaka tope lake linapasuka nyufa. Lakini ndani ya tope hilo walilala vyura wakubwa, wale wanaojizika ardhini miezi yote ya jua na kutoka pale tu mvua inapowafikia waliko. Vyura wadogo hawana adabu. Yakidondoka manyunyu mawili wanapiga kelele kama walioalikwa harusini. Wakubwa hawadanganyiki. Ukiwasikia wanaunguruma, sauti nzito kama ya ndama anayemtafuta mama yake, ujue maji yamezama chini kiasi cha kuibeba mbegu hata jua likirudi. Na huko kwao jua hurudi. Mvua za Iramba zina tabia ya kuja, kukutia tamaa, kisha kuondoka bila kuaga, na mbegu nyingi zimeoteshwa na mvua ya kwanza zikachomwa na jua lililofuata.

Kwa hiyo desturi ya kitongoji ikawa kwamba hakuna anayetia mtama ardhini kabla Filipo hajasema bwawa limelia. Baba yake aliwahi kuifanya kazi hiyo, lakini yeye alikuwa na macho, akishuka mwenyewe kwenda kuangalia. Filipo alisikia akiwa kitandani, akajua kama ni wengi au wachache na wako upande upi wa bwawa. Klara, jirani yao, alikuwa na simu inayoleta habari za hali ya hewa, na alizisoma kwa sauti kubwa ili watu wajue anayo. Hata hivyo kila msimu alipita mbele ya nyumba ya Filipo, eti anatafuta kuku wake, apate kuuliza.

Selina, mke wa Filipo, alilifurahia jambo hilo kuliko Filipo mwenyewe. Mtu asiyeona huwekwa pembeni pole pole, bila mtu yeyote kukusudia ubaya. Watu humwamkia, humpa kiti, kisha huzungumza juu ya kichwa chake kana kwamba ni mtungi. Lakini mvua zikianza, wanaume wenye macho yao mazima walikuja kusimama mbele ya mumewe wakangoja aseme. Zilikuwa siku chache tu katika mwaka, na zilimtosha Filipo kwa mwaka mzima.

Vitunguu vililetwa na Stanley, mtoto wao wa kwanza, mwenye duka dogo mjini Singida. Alikuja kusalimia, akamkuta mama yake amekonda kwa kulima peke yake, akaumia. Alisema mtama unawamaliza, na kwamba wenzao wa Mkalama wanajenga nyumba kwa vitunguu. Ardhi nzuri ya vitunguu ilikuwepo pale pale pembeni ya bwawa, nyeusi, yenye maji, na hakuna aliyeilima kwa sababu hakuna aliyewahi kufikiria. Filipo hakukataa. Alisema tu kwamba yeye haoni, kwa hiyo wanaoona waamue.

Sasa, usimcheke Selina. Mwanamke aliyebeba nyumba mgongoni kwa miaka hiyo yote, ukimwonyesha mahali pa kuishusha kidogo, ataishusha. Alisia mbegu kwenye kitalu, na bwawa lilipojaa akahamishia miche kwenye matuta yaliyofika mpaka maji yanapoanza. Stanley alileta mbolea, ya kupandia na ya kukuzia. Ile ya kukuzia, yurea nyeupe kama chumvi ya mawe, ilimshangaza. Unaitupia leo, wiki ijayo vitunguu vimesimama kijani kibichi utadhani vimesikia jina lao. Akaona, kama kidogo kinafanya hivi, kingi kitafanyaje? Akaongeza. Mvua ikishuka usiku na kuzikokota punje kuelekea bwawani, asubuhi anatupia nyingine.

Mifuko ilipoisha mbolea, aliiosha. Hili nalo lilikuwa jambo la kawaida kabisa. Hakuna mwanamke wa kule anayetupa salfeti. Salfeti hubeba mtama, hubeba alizeti, hutandikwa chini ya maharage, na mvua ikinyesha unaikunja pembe moja ndani ya nyingine unajifunika kichwa na mgongo. Lakini salfeti ya mbolea huwasha na kunuka, kwa hiyo lazima ioshwe vizuri. Selina aliipeleka bwawani, akaigeuza ndani nje, akaisugua kwa mchanga na kuisuuza mpaka maji yakageuka maziwa. Wenzake nao, waliokwisha kuona vitunguu vyake na kuiga, walikuja na salfeti zao. Ikawa siku ya kufulia na kucheka.

Bwana shamba wa kata, kijana mpole aliyeitwa Godfrey, alikuwa amewaonya. Aliwaita kwenye mkutano, akawaamkia wakubwa mmoja mmoja, kisha akaeleza kwamba mbolea ina kipimo chake, kwamba waache ukanda wa majani kati ya matuta na maji, na kwamba mifuko isioshwe bwawani hata kidogo. Alisema chura hanywi kwa mdomo, hunywa kwa ngozi, na kwa hiyo kinachoingia majini kinaingia mwilini mwake. Viluwiluwi ndio dhaifu zaidi. Klara akauliza kama vyura nao sasa wana bwana afya wao. Watu walicheka, na Selina alicheka pamoja nao. Godfrey naye alitabasamu kwa adabu, akarudia tena yale yale, wakampigia makofi na kwenda nyumbani.

Vitunguu vilitoka vizuri. Nyumba ikapata bati jipya, Filipo akapata godoro, na Selina akapumzika kidogo kama mwanawe alivyomtakia. Hayo yote ni kweli na asiyasahau mtu.

Lakini siku moja baada ya kuosha salfeti, Selina alishuka kuchota maji ya kumwagilia, akakuta pembeni ya bwawa kumefanya utando mweusi. Alidhani ni mbegu za majani. Alipotia ndoo ndipo akaona ni viluwiluwi, vimelala ubavu, vingine bado vinatikisa mkia mara moja moja. Alisimama pale na ndoo yake. Maneno ya Godfrey yalimjia, akayasukuma. Alijiambia kwamba viluwiluwi hufa kila mwaka, ndege huwala, jua huwakausha, na vyura wamekuwepo tangu babu na babu. Akasogea mbele kidogo ambako maji yalikuwa masafi, akachota.

Msimu uliofuata vyura wakubwa walilia, lakini Filipo alisema ni wachache na sauti zao ni za wazee. Hakusikia wadogo wao. Selina alikuwa anamenya viazi, akaendelea kumenya. Maji ya bwawa yalikuwa yameota utando wa kijani, mbu wameongezeka mpaka watu wanakula wakijipiga makofi, na siku moja, kwenye mfereji kati ya matuta, alimkuta chura mkubwa amekufa, ngozi ya tumbo imebabuka na punje nyeupe zimemganda miguuni. Alikuwa mkubwa wa kujaa viganja viwili. Selina alimchukua kwa jani la mgomba akamtupa vichakani, mbali, ambako hata mwenye macho asingemwona. Kisha akatupia yurea kidogo kuliko siku zote, kama mtu anayepunguza sukari kwenye chai akadhani amepona kisukari.

Mwaka wa tatu mvua ilikuja mapema na kwa nguvu. Ilinyesha ikapumzika, ikanyesha tena. Bwawa likajaa. Filipo alilala upande wake wa dirisha, na asubuhi watu walipoanza kupita aliwaambia bado. Maji hayajashuka chini, alisema, wasidanganywe na matope ya juu. Wakaondoka. Wakarudi. Akawaambia bado. Selina alikwenda shambani, akachimba kwa mkono, na udongo ulikuwa umelowa mpaka kiwiko kikaingia.

Aliyafahamu mambo mawili kwa wakati mmoja. La kwanza ni kwamba huu ndio wakati wa kupanda, na kila siku inayopita inaula mtama wao. La pili ni kwamba Filipo angengoja mpaka mvua ziishe, kwa sababu anawangoja vyura ambao hawapo.

Klara alipanda. Hakumwambia mtu, lakini Selina alimwona kwa mbali akiinama na kuinuka. Siku iliyofuata wengine nao wakapanda, kimya kimya, wakipita njia ya nyuma ili Filipo asisikie majembe yao. Hilo lilimchoma Selina vibaya sana. Watu wazima wananyata wasimwaibishe mumewe, na aibu yenyewe ni yeye aliyeitengeneza. Angeweza kumwambia siku hiyo hiyo. Alipiga moyo konde mara kadhaa, na kila mara Filipo akageuza uso wake kumsikiliza, uso ule mtulivu unaoamini kila unachoambiwa, naye akaishia kumuuliza kama anataka uji.

Mwishowe akachagua njia fupi. Asubuhi moja alimletea maji ya kunawa, akasema kama jambo dogo tu:

"Baba Stanley, wamelia alfajiri. Wale wakubwa."

Filipo aliacha mikono yake ndani ya beseni.

"Alfajiri hii?"

"Alfajiri hii. Hukuwasikia?"

Filipo alikuwa macho tangu kabla ya jogoo, Selina alijua hilo, maana alimsikia akikohoa. Filipo akainua mikono, akaikung'uta, akatafuta kitambaa begani mwake.

"Kama wamelia," alisema, "basi pandeni."

Selina alishusha pumzi. Walipanda siku hiyo hiyo yeye na mabinti wa Klara, na mtama ukaota vizuri, safu kwa safu. Alidhani jambo limekwisha. Alidhani amemsaidia mumewe asiaibike, na labda mwaka ujao vyura wangerudi, au angepata maneno mazuri zaidi.

Lakini Filipo alianza kubadilika. Kwanza ilikuwa redio. Alikuwa haipendi redio ya kelele, sasa akaongeza sauti mpaka kuku wakahama ukumbini. Kisha akaanza kuwaambia watu warudie. Mtu anamwamkia shikamoo vizuri kabisa, yeye anaweka kiganja nyuma ya sikio na kuuliza amesema nini. Selina akamtazama, akamwona anasikia. Alisikia sufuria ikichemka jikoni, alisikia mgeni kabla hajafika kwenye ua. Kilichomwondoka si kusikia. Ni imani kwamba anachosikia ndicho kilichopo.

Halafu ikaja Jumapili. Filipo ndiye aliyekuwa akianzisha nyimbo kanisani, maana zote alikuwa nazo kichwani na hakuhitaji kitabu. Jumapili hiyo mwinjilisti alitaja wimbo, watu wakangoja, na Filipo hakufungua kinywa. Baada ya ibada alimwita mwinjilisti kando, akamwambia atafute mtu mwingine, kwa sababu masikio yameanza kumwacha na hataki kuwapoteza watu kwenye sauti. Mwinjilisti alimbembeleza. Filipo alicheka, akasema aliyekalia kiti hujua wakati wa kumwachia mwingine. Selina alikuwa amesimama hapo akiwa ameshika ncha ya fimbo yake, tayari kumwongoza nyumbani.

Walipofika, Selina akampa chakula, Filipo akala kidogo na kusukuma sahani.

"Mama Stanley, macho niliyakubali," alisema. "Nilisema, sawa, Mungu amechukua haya akaniachia yale. Hili la sasa sijui nitalikubalije."

Stanley alipiga simu jioni ile, baada ya kusikia habari, akasema atamleta baba mjini, kuna hospitali wanapima masikio. Filipo alikataa. Wakimwambia ni kweli, aliuliza, atafanya nini na huo ukweli? Selina aliyasikiliza hayo akiwa jikoni, mgongo kwenye ukuta, na alijuta kwa namna ambayo hakuwahi kujuta jambo lolote maishani mwake. Alijutia viluwiluwi wale wenye mikia inayotikisika, na yule aliyemtupa vichakani. Zaidi ya yote alijutia alfajiri ile ya uongo, maana vyura aliwaua bila kukusudia, lakini masikio ya mumewe aliyaua kwa maneno yake mwenyewe, mchana kweupe, na beseni la maji mkononi.

Mvua kubwa iliyofuata ilikuja saa za jioni, ng'ombe wakirudi. Selina hakungoja moyo umgeuke. Alichukua salfeti mbili kwenye kamba, akazikunja pembe ndani ya pembe, moja akamvika Filipo kichwani na nyingine akajivika. Akamwekea fimbo mkononi na kushika ncha nyingine.

Filipo aliuliza wanakwenda wapi kwenye mvua hii. Akamwambia bwawani. Akauliza kuna nini bwawani. Selina akaivuta fimbo, na Filipo, aliyezoea kuongozwa, akafuata.

Waliteremka wakiteleza, wakapita kati ya matuta ya vitunguu, mpaka maji yakawagusa vidole. Mvua ilikuwa imepungua, imebaki ile ya kudondoka taratibu. Zamani, kwa mvua kama hii na jioni kama hii, mtu alilazimika kupaza sauti hapo ili mwenzake amsikie.

"Niambie unasikia nini," Selina alisema.

"Mama Stanley, usinifanyie hivi."

"Niambie."

Filipo alisimama akiegemea fimbo. Alianza kwa kusitasita, kama mtoto aliyeitwa ubaoni. Alisema anasikia mvua juu ya salfeti yake, na juu ya salfeti ya mkewe, na kwamba ya mkewe ina tobo. Alisema anasikia ng'ombe wa Klara wanapanda, na mmoja anachechemea. Kuna pikipiki inahangaika kwenye mlima wa kuelekea Kiomboi, haitapanda, mwendeshaji ameshuka anaisukuma. Anasikia mbu. Anasikia maji yakiingia bwawani kutoka kwenye matuta, mifereji miwili, mmoja mkubwa. Sauti yake ilizidi kupata nguvu alivyoendelea kutaja, kisha ikafika mahali ikakatika.

"Vyura siwasikii," alisema.

"Mimi pia siwasikii."

Filipo akageuza uso.

"Hawapo, Baba Stanley," Selina alisema. "Ile alfajiri hawakulia. Nilikudanganya ili tupande. Hawajalia mwaka huu wote. Masikio yako hayana kasoro."

Akamwambia yaliyobaki, bila kupamba. Yurea na jinsi alivyoizidisha, Godfrey na kicheko chao, viluwiluwi, yule mkubwa kwenye mfereji, na mifuko aliyoiosha hapo hapo waliposimama. Mvua iliendelea kudondoka. Filipo alisikiliza mpaka mwisho bila kumkatiza, na Selina, aliyekuwa amejiandaa kwa hasira, akaona hakuna hasira, akaogopa zaidi.

"Wote?" Filipo aliuliza.

"Nimezunguka bwawa lote. Nimefukua tope upande ule wa majani ya mkangaga walikokuwa wanalala. Sijaona hata mmoja."

Filipo alichutama, akaingiza mkono majini mpaka kwenye kifundo, akauacha humo kama anayepima joto la maji ya mtoto. Selina alingoja aseme amefurahi. Hilo ndilo alilolileta bwawani, ndiyo zawadi pekee iliyokuwa imebaki mkononi mwake: kwamba yeye ni mzima, kwamba anaweza kurudi kanisani Jumapili hii hii akaanzisha wimbo.

"Bora yangekuwa masikio yangu," Filipo alisema.

Alinyanyuka kwa kuvuta fimbo. Akapapasa kichwani, akaivua ile salfeti, akaikung'uta maji na kuikunja vizuri kama alivyokunja kila kitu tangu apofuke, ili akikitafuta akikute. Akamnyooshea mkewe. Selina aliipokea, na wakapanda kurudi nyumbani, yeye mbele na ncha ya fimbo, Filipo nyuma, kichwa wazi, akilowa.